Ujenzi wa Nyumba Pasipo Israfu

Katika miji ya kale ya pwani ya Afrika ya Mashariki, tangu Lamu na Pate hata Unguja na Kilwa, mgeni aingiaye katika nyumba ya mawe huona jambo moja linalojirudia nyumba kwa nyumba: vyumba ni virefu na vyembamba, na upana wake aghalabu hauzidi mita 3 hivi, ijapokuwa mwenye nyumba huenda alikuwa tajiri wa majahazi aliyeweza kugharimia ukumbi wa upana wowote autakao. Wembamba huo haukutokana na ufukara wala uchache wa maarifa. Dari za nyumba zile zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko, kwa jinsi Mwenyezi Mungu alivyouumba, ni nadra kutoa mti ulionyoka wenye nguvu ya kuhimili mawe na chokaa kupita kiasi hicho. Basi mwashi wa zamani alianza kwa kupima boriti, akatenga sehemu ya kila ncha itakayolala ndani ya ukuta, na nafasi iliyosalia katikati ndiyo iliyokuwa upana wa chumba. Urefu aliuacha huru, kwa kuwa boriti hupangwa moja kando ya nyingine, na chumba chaweza kuendelea kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Biashara ya miti hiyo nayo ilikuwa na nidhamu yake. Wakataji wa Lamu waliigawa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, kila daraja na kazi yake, wakaihesabu kwa korija ya miti 20. Na mti mwembamba usioweza kubeba dari haukuachwa uozee msituni, maana ulikuwa na soko lake katika kuta za udongo na mapaa ya makuti. Shehena za boriti zilivuka bahari kwa pepo za kusi hata Omani, Bahrain na Kuwait, na huko, katika nchi zisizo na misitu, upana wa vyumba ulifuata urefu wa mti uliotoka Lamu au Rufiji. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mnamo 1938 na 1939, alilishuhudia jahazi hilo likipakia boriti kwenye delta ya Rufiji. Hivyo mti uliokatwa kwenye matope ya mtoni kwetu ulikwenda kuamua ukubwa wa chumba cha kulala cha mtu aliyeishi kwenye ukingo wa jangwa.

Kanuni iliyomo katika habari hii ni nyepesi kuitaja na nzito kuifuata: kipimo cha nyumba na kitoke kwenye kipimo cha kifaa, wala kifaa kisikatwe-katwe ili kulingana na nyumba iliyochorwa bila kukifikiri. Mshonaji stadi hutazama kwanza upana wa kitambaa, ndipo akachora kanzu. Walakini ramani nyingi za nyumba katika miji yetu ya leo huchorwa kwa namba zinazopendeza machoni na zisizoleta tabu kukumbukwa, chumba cha mita 3 kwa 3.5, sebule ya mita 4 kwa 5, pasipo mtu kuuliza tofali lina urefu gani, nondo huuzwa kwa mita ngapi, wala kigae cha sakafu kina upana gani. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya lundo la vifusi na vipande lionekanalo kando ya nyumba mpya ilikwisha kuamriwa kwenye karatasi kabla ya jembe la kwanza kugusa kiwanja.

Na tutazame tofali, kwa kuwa ndilo linalomeza fedha za mjenzi wa kawaida mapema kuliko kifaa kingine chochote. Tofali la saruji linalotumika zaidi nchini Tanzania lina urefu wa sentimita 45 hivi na kimo cha sentimita 23 hivi, na mafundi hulitaja kwa unene wake, la inchi 5 au la inchi 6. Likiisha kuwekewa udongo wa kuungia, sentimita 1 hivi, kila tofali hushika sentimita 46 za ukuta. Ukuta wa mita 3.5 utapokea matofali 7 mazima, kisha itabaki nafasi ya sentimita 27 au 28 ambayo haienei tofali zima wala nusu. Fundi mwashi atachukua tofali jipya, ataliweka juu ya lundo la mchanga ili lisipasuke ovyo, ataligonga kwa makali ya mwiko upande mmoja, ataligeuza na kuligonga upande wa pili, na likikatika vema atapata kipande anachokitaka na kisalio cha sentimita 18 kisicho na mahali pa kukaa. Lisipokatika vema, na tofali lililoibiwa saruji halikatiki vema, atachukua jingine. Kozi ya pili, yaani safu ya matofali inayofuata, ina shida yake: yapasa ianze kwa nusu tofali ili viungo vipishane, na ikifika mwisho huacha mwanya wa sentimita 5, ambao hujazwa vibanzi na udongo mtupu, nao udongo huo ni saruji iliyonunuliwa dukani.

Ukuta wa kimo cha mita 3 na ushei una kozi 13, na nyumba ya vyumba vitatu ina kuta nyingi za namna hii. Laiti mchoraji angeupunguza ukuta huo sentimita 5 tu, ukawa mita 3.45, mambo yangenyooka: kozi ya kwanza ingekuwa na matofali 7 mazima na nusu, kozi ya pili ingeanza kwa nusu na kuendelea na mazima 7, na tofali moja lililokatwa katikati lingelisha kozi mbili bila kubakiza hata kibanzi. Sentimita 5 zilizotoka hazitamzuia mtu kuweka kitanda wala kabati. Anayetaka chumba kikubwa zaidi aende mita 3.68, yaani matofali 8 kamili. Kanuni hiyohiyo huamua upana wa madirisha na mahali pa milango, ambapo kila kipande cha ukuta kati ya tundu na tundu kikipewa urefu unaogawanyika kwa nusu tofali, mwashi hatakuwa na haja ya kukata vipande vya ajabu. Nayo huamua hata kimo cha linta, kwa sababu kozi ya 9 hufika mita 2.16 kutoka sakafuni, mahali panapofaa kabisa fremu ya mlango.

Nondo inataka hesabu kali zaidi, kwa kuwa chuma ni ghali na kipande kifupi cha nondo nene hakina matumizi mengi. Nondo huuzwa kwa urefu wa mita 12, na aghalabu hukunjwa katikati ili ipate kupakika garini. Chukulia kwamba mihimili minne ya zege inayovuka vyumba yahitaji nondo nne kila mmoja, na kwamba kila nondo, pamoja na mikunjo ya ncha zake, ni mita 4.2. Hivyo ni vipande 16. Katika nondo moja ya mita 12 hupatikana vipande viwili tu, na mita 3.6 hubaki, ambazo ni asilimia 30 ya fedha uliyolipa. Utalazimika kununua nondo 8 na kumiliki masalio manane yenye urefu usiotosha. Punguza upana wa vyumba hivyo sentimita 20, kila kipande kiwe mita 4, na nondo moja itatoa vipande vitatu pasipo salio: nondo 5 zitatoa vipande 15, ya sita itatoa kimoja na kubakiza mita 8 nzima nzima za kutumika mahali pengine. Umenunua nondo 6 badala ya 8, na nyumba haikupungukiwa nguvu hata chembe. Fundi wa nondo mwenye maarifa hutangulia kuandika orodha ya vipande vyote vinavyohitajika, virefu kwa vifupi, akavipanga ndani ya mita 12 moja baada ya nyingine kabla ya kushika msumeno. Naye asiye na maarifa hukata kwa kadiri kazi inavyomjia, leo vya msingi, kesho vya linta, mpaka kona ya uwanja ikajaa vyuma vya kuuzia wanunuzi wa vyuma chakavu.

Hapa sharti niseme jambo kwa msisitizo, lisije likaeleweka vibaya. Kuzuia israfu si kupunguza nguvu ya jengo. Mahali ambapo nondo mbili hupandana, mhandisi huamuru zipandane kwa urefu maalumu unaotokana na unene wake, aghalabu mara 40 hadi 50 ya kipenyo, hata nondo ya milimita 12 ikahitaji kupandana kwa nusu mita au zaidi. Anayefupisha mpandano huo ili aokoe chuma anahatarisha roho za watu. Vivyo hivyo mfyatua matofali anayenyoosha mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa toroli nyingi za mchanga, kisha asiyamwagilie maji matofali yake kwa siku zipasazo, hakuokoa kitu. Matofali yake huvunjika wakati wa kupakia, huvunjika njiani, huvunjika wakati wa kushusha, na yaliyosalimika hupukutika yakipigwa na mvua mbili. Mnunuzi aliyefurahia bei nafuu hulipia matofali ambayo hayatafika ukutani. Tofali jema lililomwagiliwa siku 7 kwa uchache, lililopangwa kwa mikono na wala si kumwagwa na lori, ni akiba kubwa kuliko punguzo lolote la bei.

Vigae vya sakafu navifupishia maelezo, maana kanuni ni ileile. Chumba ambacho, baada ya lipu, kina upana wa mita 3 kamili, kitapokea vigae 5 vya sentimita 60 bila kukata. Kikiwa mita 3.1, kila safu itadai utepe wa sentimita 10, na mafundi wengi hukata utepe mmoja au wawili katika kigae kizima kisha wakakitupa kilichobaki. Ila lazima lipu ihesabiwe mapema, kwa kuwa sentimita moja na nusu kila upande ndizo zinazogeuza hesabu njema kuwa mbaya.

Paa ndipo anasa inapogharimu. Siku hizi imekuwa fahari katika vitongoji vyetu kuezeka nyumba kwa miteremko mingi inayokutana kwa pembe, ambapo kila mahali miteremko inapokutana bati hukatwa mshazari na pembetatu iliyobaki ikatupwa chini. Paa la miteremko miwili tu hupokea mabati mazima kutoka ukingo hadi kofia; na kama mteremko umepimwa uwe sawa na urefu wa bati, ukizingatia sehemu ya kupandana na ya kutokeza nje ya ukuta, hakuna haja ya mkasi isipokuwa mahali pachache. Bati la kawaida ni la mita 3. Mteremko wa mita 3.4 ni mkosi, kwa kuwa unadai mabati mawili kwa kila mstari na nusu ya la pili, au zaidi ya nusu, haina kazi. Viwanda vingi sasa hukata mabati kwa urefu anaoutaka mnunuzi, na huo ni msaada mkubwa. Walakini mnunuzi apeleke kiwandani vipimo vilivyochukuliwa juu ya kenchi zilizokwisha kusimama, asipeleke vya ramani, kwa sababu kenchi ikipotoka kidogo mikononi mwa seremala, shehena nzima ya mabati yaliyokatwa huwa fupi na kiwanda hakirudishi.

Kuna pia vifaa vinavyotumika katika ujenzi pasipo kubaki katika nyumba: mbao za kuzuilia zege, na mirunda inayoegemeza mbao hizo. Nyumba ya ghorofa moja hula mirunda mingi, na mbao zikipigiliwa misumari kwa pupa na kubomolewa kwa sururu hazitumiki mara ya pili. Fundi mwangalifu huzipaka mafuta kabla ya kumwaga zege ili zisigandane nayo, hukata visanduku vyake kwa vipimo vichache vinavyojirudia ili kisanduku cha nguzo ya kwanza kitumike kwa nguzo ya kumi, na huchomoa misumari akainyoosha. Ikiwa mchoraji ameamua nguzo zote ziwe za kipimo kimoja, kazi hiyo huwa rahisi. Akiwa ametoa vipimo sita kwa nguzo kumi na mbili, hakuna fundi awezaye kuokoa mbao. Msanifu wa Misri, Hassan Fathy, alipojenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor katika miaka ya 1940, alifufua ufundi wa Wanubi wa kujenga kuba kwa matofali ya udongo bila kuegemeza hata ubao mmoja, kila safu ikiegemea iliyotangulia. Hali ya hewa ya pwani yetu yenye mvua nyingi haikubali udongo mbichi juu ya paa. Lakini fikira yake, kwamba kifaa cha muda nacho ni gharama ya nyumba, inatufaa hapa kama ilivyofaa kule.

Nyumba ikiisha kupimwa vema kwenye karatasi, israfu iliyobaki hukaa uwanjani, na sehemu yake kubwa imo katika saruji. Saruji huvuta unyevu wa hewa. Mfuko uliolazwa sakafuni au kuegemezwa ukutani huanza kuganda kutoka chini, na uliokaa miezi mingi hupoteza nguvu hata kama unga wake bado ni laini mkononi. Kwa hiyo mifuko na iwekwe juu ya mbao, mbali na kuta, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Zege iliyokwisha kuchanganywa nayo haina subira. Jua la mchana likiwa kali, saa moja na nusu hivi yatosha kuifanya ianze kukaza, na mafundi wengi, badala ya kuchanganya kidogo kidogo kwa kadiri ya mikono iliyopo, huchanganya lundo la asubuhi nzima, na likianza kukauka hulimwagia maji na kulikoroga upya. Zege ya namna hiyo hukubali kumwagwa, lakini nguvu yake imekwisha kuondoka. Sijui israfu mbaya kuliko hiyo, kwa kuwa kifaa kilichopotea kimefichwa ndani ya nguzo na kitaonekana siku ya ufa.

Yafaa ikumbukwe pia saruji hiyo imetoka wapi. Mawe ya chokaa huchomwa tanurini kwa joto linalofikia nyuzi 1450 za Selsiasi, na hewa ya ukaa hutoka pande mbili, kwenye moto wenyewe na ndani ya jiwe linapobadilika. Viwanda vya saruji duniani hukadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo itokayo kwa kazi za wanadamu. Mchanga nao si mali isiyokwisha. Huko Unguja, kisiwa kidogo chenye majengo yanayoongezeka kila mwaka, mchanga umekuwa bidhaa adimu hata serikali ikalazimika kusimamia uchimbaji wake, na kingo za mito yetu mingi ya bara zimeporomoka kwa machimbo. Mfuko uliogandia stoo na toroli ya zege iliyomwagwa pembeni ni shimo lililochimbwa mahali fulani bila faida kwa mtu yeyote.

Wakati wenyewe ni mharibifu wa vifaa, na hapa ndipo desturi yetu ya kujenga kidogo kidogo, ambayo naiheshimu kwa kuwa ndiyo iliyowawezesha watu wa kipato cha chini kupata makazi yao pasipo mkopo, inapohitaji kupangwa upya. Mtu huchimba msingi wa nyumba ya vyumba vitano, hupandisha kuta hata linta, kisha fedha huisha. Mvua za masika tatu hupita juu ya kuta zisizo na kichwa, udongo wa viungo huoshwa, miche huota kwenye kozi, na siku ya kuezeka inapofika kozi za juu hubomolewa na kujengwa tena. Pia huonekana mjini kote nyumba za chini zilizotokeza nondo juu ya paa zikingoja ghorofa itakayojengwa Mungu akijalia, na nondo hizo hupata kutu mwaka baada ya mwaka, hata ghorofa ijapo huwa zimeliwa na hazitegemeki. Shauri langu ni kwamba nyumba ichorwe nzima tangu mwanzo, lakini ijengwe kwa sehemu zinazokamilika: vyumba viwili na choo, kuanzia msingi hadi bati, vikaliwe, kisha sehemu ya pili, ambayo mahali pake pa kuungana pamekwisha kuachwa katika ukuta na katika paa. Na asiyekuwa na yakini ya ghorofa katika miaka michache ijayo asinunue nondo za kungojea.

Masalio hayawezi kwisha kabisa, hata kwa hesabu njema. Mkadiriaji majenzi kwa desturi huongeza asilimia 5 hadi 10 juu ya vifaa vya lazima kwa ajili ya vitakavyovunjika na kukatika, na yeye ana haki. Kosa ni kuifanya nyongeza hiyo ruhusa ya kuharibu. Vipande vya matofali na lipu iliyoanguka vina kazi chini ya jamvi la sakafu, badala ya kununua lori la kifusi. Masalio ya nondo yanayozidi mita moja na nusu hufaa juu ya madirisha madogo, mhandisi akiridhia. Jambo la maana ni kuvitenga vitu hivi tangu siku ya kwanza, kila kimoja na mahali pake, kwa kuwa kipande cha nondo kilichozikwa ndani ya lundo la mchanga na makaratasi ya saruji hakitatafutwa na mtu. Vifusi vingi vya Dar es Salaam huishia mabondeni, na bonde likijazwa, maji ya mvua hutafuta njia katika nyumba za watu.

Wazee wetu walikuwa na faida moja katika mlango huu ambayo sisi tumeipoteza. Waliunga mawe kwa chokaa, na chokaa ni laini kuliko jiwe. Nyumba ilipobomoka, mawe yalitengana bila kuvunjika, yakakunwa na kuingia katika ukuta mwingine, kama vile milango ya nakshi ilivyohamishwa kutoka nyumba hata nyumba. Udongo wa saruji iliyozidi huwa mgumu kuliko tofali lenyewe, na anayebomoa ukuta leo hupata changarawe tupu. Sisemi turudi kwenye chokaa kwa kila jengo. Lakini kwa kuta zisizobeba uzito mkubwa, mchanganyiko wenye chokaa au wenye saruji kidogo hutosha, nao huwaachia wajukuu kitu cha kutumia. Na paa lililofungwa kwa bolti na skurubu hufunguliwa zima, ilhali lililopigiliwa misumari hutoka likiwa na matundu.

Katika jitihada za zama hizi, ninalolisifu zaidi ni tofali la kufungamana, lifanywalo kwa udongo wa kichanga uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa katika mashine ya mkono. Mashine ya namna hii ilisanifiwa Kolombia na Raúl Ramírez katika miaka ya 1950, ikajulikana kwa jina la CINVA-Ram, na hapa Tanzania Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelieneza tofali lenye meno na matundu yanayoshikana lenyewe kwa lenyewe. Halichomwi, basi halidai kuni, tofauti na matofali ya kuchoma ya bara ambayo hata yakitoka tanurini yale ya ukingoni huwa hayakuiva. Tofali la kufungamana linahitaji udongo kidogo sana wa kuungia. Na kwa kuwa mashine yaweza kutoa nusu tofali kama itoavyo zima, mwashi hana sababu ya kukata. Masharti yake ni mawili: udongo wa mahali upimwe kwanza, kwa kuwa si kila udongo unafaa, na ramani ifuate kipimo cha tofali bila kusamehe hata sentimita.

Limebaki suala la malipo, ambalo naliona limesahauliwa na wengi. Mahali pengi mwashi hulipwa kwa idadi ya matofali aliyoyajenga. Mtu anayelipwa hivyo hana sababu ya kusikitikia tofali lililovunjika, wala ya kukueleza, "Mzee, ukuta huu ukiurudisha nyuma kidogo hatutakata," kwa sababu kufikiri hakumo katika ujira wake. Mlipe kwa mita ya mraba ya ukuta uliosimama wima na ulionyooka, kisha mwahidi sehemu ya thamani ya vifaa vitakavyosalia vizima siku ya mwisho, na utastaajabu jinsi anavyovihesabu. Mafundi wetu wana akili za kutosha. Wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Na wewe msomaji unayejiandaa kujenga, ukienda kwa mchoraji wa ramani usimpelekee picha ya nyumba nzuri peke yake. Mpelekee urefu wa tofali litakalopatikana karibu na kiwanja chako, urefu wa nondo, wa bati na wa mbao zilizoko sokoni, na upana wa kigae unachokipenda. Kisha umtake akuandikie, pamoja na ramani, orodha ya vipande vyote vya kukatwa na namna vinavyotoka katika kila urefu mzima. Akikwambia orodha hiyo si kazi yake, mlipe ziada aifanye, na usichimbe msingi kabla hujaipokea mkononi.